Mashine Ilisema Tangi Ni Tupu

Mwanangu Hizza hupaka rangi maghorofa akiwa ndani ya kikapu cha mashine ya mkono mrefu. Juzi mashine hiyo ilisema tangi lake ni tupu. Siku hizi mashine ndiyo shahidi, wala haibishiwi. Basi Hizza ameiba dizeli, na sura ya mwizi hufutwa kwenye milango yote ya mji, inayofunguka kwa kutambua sura, hata mlango wa nyumbani kwake haumfungukii tena.

Mimi nimekaa gereji miaka thelathini. Nilitumbukiza kijiti tangini, kikatoka kimelowa mpaka juu. Nikaufuata waya wa kihisi cha mafuta taratibu, shibiri kwa shibiri, nikaukuta umesuguliwa kwenye kiwiko cha ule mkono, shaba iko nje, inagusa chuma. Nikamwita mkaguzi, nikaufunga utepe mbele yake. Mshale wa mafuta ukapanda mpaka pomoni.

"Umeona, baba?" nikamuuliza.

"Nimeona, bibi. Amerudisha alichoiba." Akaandika hivyo hivyo. "Asingeiba, angerudisha nini?"

Leo mchana nilimpa Hizza ugali na dagaa dirishani, yeye akiwa nje ya nyumba yake. Mkewe alikuwa ndani ananyonyesha.

"Mama, pilipili umesahau," akanitania.

Mlango ukauliza kwa ile sauti yake tamu, "Bibi, huyo ni wa kwenu?"

Ukikiri mwizi ni wako, mnafutwa nyumba nzima, na mtoto mchanga.

Hizza akaacha kutafuna, akanitazama.

"Hapana," nikasema. "Ni mwombaji tu."

"Ahsante, bibi," akasema mwanangu, akanirudishia sahani.