Ukulele wa Mkono Mmoja

Twalibu, seremala wa kujifurahisha tu, alimaliza kutengeneza ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, akamwekea mkewe mapajani. Kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wa kushoto wa Mwanahawa, na gita lake la zamani halikushuka tena ukutani.

“Nyuzi nimezikaza zipatane zenyewe, Mama Nuru. Utapiga kwa mkono mmoja.”

Mwanahawa akapiga. Akapiga tena, ikatoka sauti ileile.

“Kitamu, Baba Nuru, lakini kinajua neno moja tu.”

“Basi nitatengeneza kingine.”

“Kingine cha nini? Kaa hapa kushotoni.”

Akavichukua vidole vya mumewe, vyenye mabaka ya gundi, akavipanga kwenye shingo ya ukulele.

“Bonyeza.”

“Mimi sijui kupiga.”

“Najua mimi,” alisema, akauweka mkono wake wa kulia juu ya nyuzi.