Ukoko wa Mvuke

Tangu majiko yapigwe marufuku, watu walishiba kwa kidonge na utamu wakauvuta kwa mvuke. Mwanakheri alinunua ladha ya pilau iliyochanganywa kiwandani, akaizimua mwenyewe kwa glisirini, majimaji yanayofanya mvuke, kisha akampelekea mavyaa wake, Bi Hadia, aonje.

Bi Hadia alivuta, akautoa mvuke puani polepole.

"Hiliki ipo, mdalasini upo. Ukoko uko wapi?"

"Ukoko ni nini, mama?"

"Wali ulioungulia chini ya sufuria. Tulikuwa tukiugombea."

Kugombea kitu kilichoungua! Hamu ilimshika Mwanakheri. Akatafuta kichupa cha ladha ya buni iliyokaangwa, akadondosha tone, akaongeza jingine, akajaribu mwenyewe. Mate yakamjaa mdomoni, jambo lisilowahi kumtokea.

Bi Hadia alipovuta safari hii, aliinuka kitini.

"Waite wenzio, chakula tayari," alisema, akaanza kufungua makabati akitafuta sahani.

Mwanakheri alitaka kumkumbusha kwamba nyumba ile haikuwa na sahani hata moja. Lakini tumbo lilikuwa linamnguruma, na kidonge alikwisha kumeza. Akajikuta naye anafungua makabati.