Makala za Mposaji

"Hiyo simu izungushieni taulo, muitie kwenye sufuria, na sufuria muifunike," Shangazi aliamuru. "Isije ikalia mbele ya huyo mposaji. Leo hapati hata mstari mmoja wa kuandika."

Simu ilikuwa ya binti. Kila saa moja jioni ililia kumkumbusha vidonge vyake vya kifafa. Hakuwa ameanguka tangu amalize shule, lakini vidonge havikosi, ndiyo maana haanguki.

Na mposaji, bahati ilivyo na vituko, alikuwa daktari wa watoto, tena mtafiti. Baba wa binti alikuwa amekwenda duka la kuchapisha akachapishiwa kila alichowahi kuandika kijana huyo. Rundo lilikaa juu ya stuli, limekandamizwa kwa pasi lisipeperuke. Kifafa cha watoto wachanga. Kifafa cha watoto wa shule. Kifafa na homa, kifafa na usingizi. Shangazi alikuwa amesomewa na kaka yake mpaka miwani ikamwachia kaka alama puani.

"Huyu haoi," alitoa hukumu. "Huyu anatafuta mgonjwa wa kulala naye chumba kimoja, amwandike kwa nafasi. Makala ikiisha, na ndoa imeisha."

"Shangazi, mimi nilimwambia siku ile ile ya kwanza, pale maktabani," binti alisema huku akimenya vitunguu. "Na hakukimbia."

"Tangu lini paka akamkimbia panya?"

Binti akachukua kitunguu kingine. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyeweza kusema ni ya kitunguu au ya kitu kingine.

Daktari alifika kwa teksi. "Daktari mzima hana hata pikipiki," Shangazi alinong'ona. Kijana alitoa shikamoo kwa kila aliyekuwemo, hata kwa jirani aliyekuja kurudisha mwiko.

Sebuleni kulianza kuingia giza. Balbu ilikuwa imeungua tangu juzi, na Shangazi alikuwa amekataza isiguswe. Ngazi alishaisimamisha yeye mwenyewe.

"Baba, wewe ndiye kijana hapa. Hebu panda utuwekee taa."

Daktari aliitazama ngazi kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Nitaishika, Shangazi. Kupanda, sipandi."

"Hupandi?"

"Mama alinikataza."

Baba wa binti akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Shangazi akavua viatu, akakaza kitambaa kichwani, akapanda mwenyewe. Daktari aliishika ngazi kwa mikono miwili, mishipa imemsimama.

Kule juu Shangazi aliona ni mahali pazuri pa kuhukumia.

"Nikuulize, daktari. Wagonjwa kwenye makala zako hawana majina."

"Ndiyo kawaida yetu. Tunawasitiri."

"Unawasitiri! Yule mtoto wa kiume aliyeanguka kutoka kitanda cha juu bwenini, makala ya kwanza yumo. Makala nyingine yumo, sasa ana ndevu. Ya juzi pia yumo, ni mtu mzima, na wewe unaandika alivyolala na alivyoamka. Wengine wanapita, yeye hatoki. Maskini wa Mungu, aliridhia?"

"Aliridhia, Shangazi."

"Mimi huyu mtoto nimemlea mgongoni. Alipokuwa akianguka, ni mimi niliyekuwa nikimlaza ubavu. Sitaki aamke asubuhi akute mumewe ameshika kalamu. Kama ndicho kilichokuleta, sema sasa, teksi haijafika mbali."

Jikoni kisu kilikuwa kimeacha kukata.

"Sikuja na kalamu," daktari alisema polepole. "Nimekuja kwa sababu nikiwa naye nacheka. Na yeye hanionei huruma."

"Akuonee huruma ya nini?" Shangazi aliguna, akaanza kuikaza balbu. "Na huyo mtu wako wa kitanda cha juu, yuko wapi siku hizi?"

"Yupo. Anakunywa dawa zake, hajambo."

"Ameoa?"

"Bado. Ndiyo yuko mbioni."

Shangazi alikuwa bado anaizungusha balbu pale ilipotimia saa moja na sufuria ikaanza kulia jikoni. Akafumba macho kwa aibu. Alipoyafumbua, mlio ulikuwa haujaisha, tena kulikuwa na mwingine uliotoka karibu zaidi, chini yake, kwenye mfuko wa shati la daktari, ambaye hakuiachia ngazi hata kwa mkono mmoja.

Taa ikawaka. Shangazi, akiwa bado juu, akageuza uso kuelekea jikoni.

"Leteni maji," aliita. "Glasi mbili."