Ndama wa Bi Mabaka

Sogeeni niwape hii. Wanyama wa maziwa wa nchi nzima walikuwa na chama chao, na uenyekiti wakampa Nyani, kwa kuwa ana mikono ya kukamua na mdomo wa kusifia.

Siku moja Nyani akatangaza, "Tembo anakuja kuonja maziwa yetu. Akiyapenda, tunapewa bonde lote la majani. Ndama wapelekwe mlimani, wanatumalizia maziwa!"

"Wangu bado mchanga, Mwenyekiti," Ng'ombe Mabaka akamsihi.

"Bi Mabaka, acha uchoyo. Chama kwanza!"

Ndama wakapelekwa. Mabaka akalia mpaka sauti ikamkauka.

Tembo akafika. Nyani akahutubia weee, kisha akashika chuchu za Mabaka. Akavuta, akavuta, jasho likamtoka yeye. Maziwa, hata tone!

"Hayo maziwa yako wapi?" Tembo akauliza.

"Yapo, Mzee," Mabaka akajibu. "Mwenyewe ndiye hayupo."

Nyani akatimua mbio mlimani, akarudi na ndama wa Mabaka mgongoni, tena ndama ameshamkojolea. Ndama akagonga kiwele kwa pua, akanyonya kidogo, maziwa yakashuka mpaka ndoo ikajaa povu.

Tembo akanywa, akawapa bonde.

Tangu siku hiyo, mkutano wa chama hufunguliwa na ndama. Akishashiba, ndipo Nyani huruhusiwa kusema.