Namba ya Mfano

Mama alipiga simu mchana, mwanawe akiwa kazini hospitalini, kwenye chumba cha kompyuta.

"Mwanangu, simu ya marehemu dada yako imelia tena. Ujumbe unasema faili lake limehamishwa."

"Mama, kumbe bado unaichaji?"

"Kila siku. Nani huyo anayemtafuta?"

Mwana akaigeukia kompyuta yake. Ni yeye aliyeandika mwongozo wa programu ya kuhamisha mafaili ya wagonjwa. Wasomaji wake hawakuwa watu bali akili mnemba, zinazofuata kila neno kama lilivyoandikwa. Kwenye mfano alihitaji namba ya mgonjwa, akaweka ya dada yake, pekee aliyoijua kwa kichwa. Marehemu hatalalamika, alijiambia.

Kumbe kila akili mnemba iliyousoma mwongozo ilianza kwa kuujaribu mfano, na kila mara mfumo ulituma ujumbe kwa simu ya mgonjwa, ikalia kitandani kwa mama.

Akaifuta ile namba tarakimu moja moja, taratibu, kama anayemvua mgonjwa bandeji. Akaweka ya kubuni, akahifadhi.

"Nimeshawazuia, mama. Hawatakusumbua tena."



"Umewazuia? Sasa kwa nini, baba? Si ndio hao tu walikuwa bado wanamuulizia."