Baragumu la Bata Bukini

Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Machi 1962, Bata Bukini Makame Mwinyihaji, mkaazi wa ng'ambo ya mto, alipata habari iliyomchoma moyo. Mfalme Nyati alikuwa amepiga marufuku madume wawili kuishi kiota kimoja, na rafiki zake Korongo wawili wangefukuzwa nchini Ijumaa. Papo hapo Bukini akatwaa baragumu lake, amkemee mfalme na kutangaza kwamba chumvi aliyokuwa akiiuzia nchi ya Nyati haitavuka tena.

Mama wa Korongo mmoja akavuka mbio. "Bwana Bukini, ukiizuia chumvi, nchi nzima itakula mboga chapwa na kumlaumu mwanangu!"

"Basi ninyamaze, mama?"

"Utuulize sisi kwanza! Nyati anangoja kelele zako, apate kusema jambo hili limeletwa na wageni. Nipe baragumu, pumzi ninazo. Wewe wakatie matete ya kiota huku ng'ambo, nisije nikashindwa."

Bukini, ambaye hakuwahi kufunga mdomo tangu aanguliwe, akaufunga siku nne.

Ijumaa, Nyati alitega sikio kuelekea mtoni, asisikie kitu. Mara baragumu likalia mbele ya pua yake.

"Mwanangu nilimwatamia hapa hapa, mfalme, na mwenziwe kaanguliwa kichaka cha pili. Mgeni ni yupi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nyati, kwa kukosa mgeni wa kumsingizia, akaifuta amri.

Chura husimulia kwamba Bukini ndiye aliyewaokoa. Si kweli. Aliyewaokoa ni mama. Bukini alitoa baragumu, akakata matete ambayo hayakuhitajika. Tena ilikuwa tarehe 16, si 17 kama asemavyo Chura.