Saa ya Kumfaa Joel

"Iwe ya mkanda unaovutika," mama mmoja mteja alisema. "Mkono wenyewe umevimba."

Seifu aliinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiisugua kwa mswaki. Kazi hiyo ilimchefua kila wiki. Saa za mtumba alizoletewa na Didas wa Gwata hazikukosa udongo mwekundu kwenye pingili za mkanda, na zilikuwa na harufu ya jasho lililooza, isiyotoka hata kwa sabuni. Didas alikuwa mtu wa jembe, na Seifu alikwishaamua kuwa watu wa jembe hawajui usafi. Alilamba kidole gumba, akafuta kioo, akaiweka saa mezani.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nina haraka."

Pale stendi ya Mlandizi ilijulikana kwamba Seifu hakuuzii saa mpaka akuhoji kama daktari. Fundi mwashi alimpa ya mpira. Muuguzi wa Tumbi alimpa yenye mshale wa sekunde, ahesabie mapigo ya moyo. Saa, alisema, huchaguliwa kwa kazi ya mkono.

"Ni ya nani?"

"Ya mume wangu, Joel."

"Anafanya kazi gani?"

"Amepumzika."

Kumbe mstaafu, Seifu akawaza. "Basi nikupe yenye kengele, imwamshe asubuhi."

"Kengele ya nini? Haamki."

"Anaoga nayo? Zipo zisizoingiza maji."

"Anaogeshwa. Kesho nitamwogesha na kumvalisha mwenyewe, sitaki mtu mwingine amguse."

Wanaume wa namna hiyo Seifu aliwajua. Mkono umevimba kwa gongo, dume zima linaogeshwa kama kichanga, halafu mke, viatu vimekwisha visigino, ndiye anayezunguka juani kulitafutia saa. Alimwonea mama huyo uchungu, na mumewe akamwonea kinyaa.

"Mama, usikasirike. Mtu haamki, hafanyi kazi, hata kuoga hawezi. Saa ya nini?"

Mama akajitaja kwa jina la Yosefina. Kisha akaeleza. Miaka kumi na miwili nyuma mmachinga mmoja alimuuzia Joel saa iliyokata roho wiki ya pili. Joel hakuivua. Alichelewa mazoezi ya kwaya huku ameivaa, na kwaya nzima ikamwita Saa Mbovu, mpaka watoto wa jirani nao wakalidaka jina. Kila mwaka aliahidi kununua nyingine, na kila mwaka yakazuka mengine, mara ada, mara mabati ya jikoni.

"Jumamosi wote watakuwa nyumbani Gwata," alisema. "Kwaya, padri, ndugu zake kutoka Kisarawe. Watapita mbele yake mmoja mmoja. Nataka waone mkononi mwake saa inayotembea. Wasimcheke tena."

Kumbe na shughuli anafanyiwa! Seifu alimwona kabisa huyo bwana, kajibweteka na suti katikati ya sebule, watu wanapanga foleni kumsalimu, mke yuko motoni na masufuria. Akageuka akatema mate pembeni.

Ila mama hakuwa na kosa. Seifu aliziacha saa za Didas, akainama akatoa mpya kutoka kwenye boksi. Ilikuwa ya chuma, mkanda unavutika, uso mpana, mtu akiwa mbali aione.

"Gizani inaonekana?" Yosefina aliuliza.

"Inang'aa. Na betri inakaa miaka miwili."

"Inatosha," Yosefina alisema, akaishika saa kwa mikono miwili. "Miwili inatosha sana."

Seifu akaichukua tena, akaigeuza, akachora herufi S mgongoni kwa ncha ya sindano. "Alama yangu ya garantii. Ikisumbua, airudishe yeye mwenyewe. Asikutume." Alitaka siku moja amwone uso huyo mwanamume.

Yosefina alihesabu noti, akalipa. Akaifunga saa kwenye ncha ya kanga, akaenda zake.

Kinyaa hakikumtoka Seifu mpaka Jumapili. Alimsimulia mkewe habari za Joel wakati wa kula, mkewe akamwomba amalize kwanza chakula.

Jumatatu asubuhi Didas alifika na kitambaa chake kilichofungwa fundo. Safari hii ilikuwamo saa moja tu. Seifu alikunja pua kwa ile harufu, akalamba kidole, akafuta udongo kwenye kioo. Mishale ilikuwa inatembea, haijapungua hata dakika. Ilikuwa saa ya chuma, ya mkanda unaovutika.

Akaigeuza. Mgongoni palikuwa na tope. Akalamba kidole tena, akafuta, na herufi S ikajitokeza.

"Mshenzi mkubwa," Seifu alisema. "Hata siku tatu hazijapita, kaiuza akanywe gongo. Mke kamhangaikia vile!"

"Nani?"

"Si Joel wa Gwata? Si yeye kakuuzia?" Akakirudisha kidole mdomoni, amalizie tope lililobaki.

Didas alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo walilokwishaelewana siku nyingi.

"Joel gongo hakuijua, kaka. Jumamosi kaburi lake nililichimba mimi, na watu walipotawanyika nikalifukua mimi. Hata alikuwa hajaanza kunuka, si kama wale wengine."

Kidole gumba cha Seifu kilikuwa bado mdomoni.